Kusakinisha na kuondoa programu kwa mstari wa amri: soma kabla ya kubonyeza Y

Kila tunapogusia kompyuta kwenye kipindi cha asubuhi, ujumbe unaoingia studio huwa wa aina mbili. Wapo wanaouliza watapata wapi programu bila kuinunua. Wapo pia ambao tayari wamewekewa Linux kwenye kompyuta ya shule, ya ofisi au ya nyumbani, wakaachiwa dirisha jeusi lenye kishale kinachowakawaka na maelekezo ya maneno mawili tu: andika apt. Makala haya tumewaandikia hao wa pili.

Tutaeleza njia ya Debian na Ubuntu, kwa kuwa ndiyo iliyoenea zaidi miongoni mwa wanaotuandikia, na ndiyo tunayoitumia kwenye kompyuta yetu ya kuhariri sauti. Watumiaji wa mifumo mingine tumewawekea aya moja karibu na mwisho.

Kifurushi ni nini

Ukisema kifurushi mbele ya mtu mwenye simu, atafikiri bando la intaneti. Hapa tunazungumzia kitu kingine, ingawa kama utakavyoona, kifurushi hiki kinaweza kukimaliza kile. Kifurushi cha programu ni faili moja ambalo jina lake huishia na .deb. Ndani yake mna mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza ni maelezo: jina la programu, toleo, mtunzaji wake, na orodha ya vifurushi vingine ambavyo lazima viwepo ili hiki kifanye kazi. Humo pia huwamo hati ndogo zinazotekelezwa kabla na baada ya usakinishaji. Fungu la pili ni mafaili yenyewe ya programu, kila moja likiwa limeandikiwa mahali litakapokaa kwenye diski.

Debian ilitangazwa Agosti 1993 na Ian Murdock, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Jina ni muungano wa jina la mpenzi wake Debra na la kwake. Chombo cha mwanzo cha kushughulikia vifurushi, dpkg, kilifanya kazi moja: ukikipa faili la .deb kinalifungua na kuyapanga yaliyomo. Kikikuta kifurushi kingine kinachohitajika hakipo, kinalalamika na kukuachia ukitafute mwenyewe. Ukikipata hicho, nacho kinadai cha tatu. Watu walipoteza siku nzima kwa kazi hiyo. APT, iliyotoka rasmi na Debian 2.1 mwaka 1999, ndiyo iliyoondoa adha hiyo: unataja jina la programu, yenyewe inapiga hesabu ya vyote vinavyotegemewa, inavileta na kumkabidhi dpkg avipange. Mwanzoni amri ilikuwa apt-get. Amri fupi ya apt, iliyotengenezwa kwa ajili ya binadamu anayesoma kioo, ilikamilika mwaka 2014, na ndiyo maana maelezo ya zamani bado yanakwambia uandike apt-get. Zote mbili zinafanya kazi, na kuna tofauti moja kati yake inayogusa mfuko. Tutaifikia.

Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, imejengwa juu ya Debian na inatumia vifurushi vya aina hiyohiyo. Jina lake, kwa anayejua lugha za Kibantu, halihitaji tafsiri: ubuntu na utu ni ndugu wa tumbo moja.

Ghala na muhuri wake

Programu hazichukuliwi popote tu. Zinatoka kwenye ghala, yaani seva zinazotunza vifurushi vilivyojengwa na kukaguliwa kwa ajili ya toleo lako. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Ghala zipi kompyuta yako inazitazama, utaliona hilo kwenye faili la /etc/apt/sources.list au kwenye folda ya /etc/apt/sources.list.d.

Tunaulizwa mara nyingi kama ni salama kuchukua vifurushi kutoka kwenye nakala ya ghala iliyo karibu, kwa mfano seva ya chuo kikuu, badala ya ghala kuu. Ni salama, kwa sababu apt haimwamini msafirishaji, inaamini muhuri. Faili kuu la ghala husainiwa kidijiti na wenye mradi. Faili hilo lina alama za utambulisho za orodha za vifurushi, na orodha hizo zina alama za kila kifurushi. Seva ya njiani ikibadilisha hata herufi moja ndani ya kifurushi, alama hazitalingana na apt itakataa kukisakinisha. Kwa hiyo ukiona onyo kuhusu saini au ufunguo, usilipuuze wala usitafute njia ya kulinyamazisha.

Hatua ya kwanza: update

Fungua dirisha la terminali, andika hivi, kisha bonyeza Enter:

sudo apt update

Neno sudo linaomba ruhusa ya mkuu wa mashine, kwa kuwa kubadilisha programu ni jambo linalowagusa watumiaji wote. Utaulizwa nenosiri lako. Unapoliandika, kwenye matoleo mengi hakuna kitu kitakachoonekana kwenye kioo, hata nyota. Hilo limewafanya wengi wadhani kibodi imekufa. Haijafa; andika hadi mwisho, bonyeza Enter.

Amri hii haibadilishi programu hata moja. Inaleta orodha mpya tu, kama mwenye duka anayepiga simu sokoni kuuliza bei na bidhaa zilizopo kabla ya kutuma gari. Kubadilisha programu zenyewe ni kazi ya amri nyingine, sudo apt upgrade. Mtu anayefanya update kila siku bila upgrade ana orodha nzuri na programu kuukuu zenye matundu ya usalama. Anayesakinisha bila kufanya update naye hukutana na ujumbe kwamba kifurushi hakipatikani, kwa sababu kompyuta inaomba toleo ambalo ghala limeshaliondoa.

Kusakinisha

Tuchukue Audacity, programu ya kuhariri sauti ambayo redio nyingi ndogo huitumia. Kama hujui jina kamili la kifurushi, tafuta kwanza, halafu usome maelezo yake:

apt search audacity
apt show audacity

Amri hizi mbili hazihitaji sudo kwa kuwa hazigusi kitu. Ukiridhika:

sudo apt install audacity

Hapa ndipo watu hukosea kwa haraka. Kompyuta itaandika aya kadhaa, kisha itauliza kama uendelee, Y au n. Aya hizo ndizo mkataba. Zinataja vifurushi vipya vitakavyoingia, vitakavyoboreshwa na, kama vipo, vitakavyoondolewa. Chini kabisa kuna takwimu mbili: kiasi kitakachopakuliwa kutoka mtandaoni, na nafasi itakayotumika kwenye diski. Zisome zote mbili. Y ikishabonyezwa, bando linaanza kuliwa.

Ukitaka kuona mkataba bila kuulizwa chochote, weka -s kati ya install na jina la kifurushi. Ni mazoezi matupu, hakuna kinachoingia wala kutoka. Ukiona orodha ni ndefu kupita kiasi, ongeza --no-install-recommends. Kwa kawaida apt huleta pia vifurushi ambavyo mtunzaji amevipendekeza lakini si vya lazima. Alama hiyo inaviacha. Mara nyingine programu itakosa kipengele fulani, kwa hiyo itumie ukijua unachokiacha.

Wenye Ubuntu wana mtego mmoja wa ziada. Tangu toleo la 22.04, ukisakinisha Firefox kwa apt, kifurushi cha .deb kinachokuja ni kidogo sana, na kazi yake ni kuita mfumo mwingine uitwao snap uilete programu yenyewe. Takwimu ya upakuaji aliyokuonyesha apt haihesabu mzigo huo wa pili, ambao ni mkubwa mara nyingi zaidi. Chromium nayo ni hivyohivyo. Programu za aina hiyo utaziona kwa snap list na kuziondoa kwa sudo snap remove.

Kompyuta kumi, bando moja

Swali hili hutoka kwa walimu zaidi ya watu wengine: chumba kina kompyuta kumi, intaneti ni ya simu ya mwalimu. Je, kila kompyuta ipakue peke yake? Hapana.

Chagua kompyuta moja ambayo bado haina programu unayoitaka, fanya update, kisha andika:

sudo apt-get install -d audacity

Herufi -d inamaanisha pakua tu, usisakinishe. Vifurushi vyote vitakaa kwenye folda ya /var/cache/apt/archives. Vinakili kwenye flashi. Kwenye kila kompyuta nyingine, viweke kwenye folda yake peke yake, ingia ndani ya folda hiyo kwa terminali, kisha:

sudo apt install ./*.deb

Nukta na mkwaju mwanzoni si mapambo. Ndivyo vinavyomwambia apt kwamba unataja mafaili yaliyo hapa, si majina ya kutafutwa ghalani.

Kuna masharti mawili. Kompyuta zote ziwe na toleo moja la mfumo na aina moja ya prosesa, kwani kifurushi cha biti 64 hakikai kwenye mashine ya biti 32. La pili linasahaulika zaidi: kompyuta ya kwanza ilipakua tu vile ilivyokosa yenyewe. Ikiwa mashine ya saba imepungukiwa na kitu ambacho ya kwanza tayari ilikuwa nacho, apt itakitafuta mtandaoni, na usipokuwepo mtandao itakataa. Njia ya uhakika ni kuanza na mashine iliyo tupu kuliko zote.

Sasa ile tofauti tuliyoahidi. Ukisakinisha moja kwa moja kwa apt, mafaili ya .deb hufutwa kazi ikiisha vizuri. Ukitumia apt-get, yanabaki. Kwa mwenye diski ndogo la kwanza ni zuri. Kwa mwalimu wetu, apt-get ndiyo rafiki. Baada ya kuzunguka kompyuta zote, sudo apt clean inalisafisha ghala hilo dogo la ndani.

Umeme ukikatika katikati

Bando likiisha wakati wa kupakua, hakuna madhara. Rudia amri ileile ukishaongeza salio, na upakuaji utaendelea pale ulipoishia. Hatari ipo umeme unapokatika wakati vifurushi vinafunguliwa na kupangwa. Mashine ikiwaka tena, apt itagoma kufanya chochote hadi kazi iliyobaki nusu imalizwe. Amri ni hizi, kwa mpangilio huu:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Ya kwanza inamalizia vifurushi vilivyofunguliwa lakini havijapangwa. Ya pili inatafuta vitegemezi vilivyokosekana na kuvileta. Mara nyingi hizo mbili zinatosha. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, ushauri wetu ni kutofanya upgrade kubwa saa ambazo umeme wa mtaa wako una mazoea ya kwenda na kurudi.

Ujumbe mwingine unaowatisha watu unasema apt imeshindwa kupata kufuli. Maana yake kuna programu nyingine inayoshughulikia vifurushi kwa wakati huo, mara nyingi ni masasisho ya usalama yanayojiendesha yenyewe baada ya kompyuta kuwashwa. Subiri dakika chache. Utakutana na ushauri wa kufuta faili la kufuli kwa nguvu. Usiufuate wakati kazi inaendelea, kwani ni sawa na madereva wawili kushika usukani mmoja.

Kuondoa ni kugumu kuliko kuweka

Amri za kuondoa ni tatu na hazifanani. Ya kwanza:

sudo apt remove audacity

Hii inaondoa programu na kuacha mipangilio yake ya mfumo, ile inayokaa kwenye /etc, ili ukiisakinisha tena uikute kama ulivyoiacha. Ukiandika purge badala ya remove, mipangilio hiyo nayo inaondoka. Hakuna kati ya hizo mbili inayogusa mafaili yaliyo kwenye folda yako ya nyumbani: kazi zako na mipangilio yako binafsi hubaki, na ukitaka zifutike utazifuta mwenyewe.

Ya tatu ni sudo apt autoremove. Apt hukumbuka kifurushi kipi ulikiomba wewe na kipi kiliingia kwa kufuata kingine. Aliyemfuata akiondoka, mfuasi anabaki yatima, na autoremove inakusanya mayatima wote. Kwa kawaida ni usafi mzuri. Lakini kama kuna mfuasi ambaye umeanza kumtegemea, mwambie apt kwamba sasa ni wako kwa amri ya sudo apt-mark manual ikifuatwa na jina lake, na hataguswa.

Tatizo kubwa liko kwingine. Unaposakinisha, hesabu inashuka chini: programu hii inahitaji zile. Unapoondoa, hesabu inapanda juu: zipi zinaitegemea hii? Zote hizo zitaondoka nayo. Kifurushi kidogo chenye jina lisilojulikana kinaweza kuwa nguzo ya mamia. Anayeondoa toleo la zamani la Python ili aweke jipya anaweza kujikuta anaondoa nusu ya mfumo.

Mfano uliojulikana dunia nzima ulitokea Novemba 2021. Mtangazaji wa video za teknolojia wa Canada, Linus Sebastian, alikuwa akijaribu mfumo wa Pop!_OS, ambao nao umejengwa juu ya Ubuntu. Alitaka kusakinisha Steam, programu ya michezo. Siku hizo kulikuwa na mgongano wa vifurushi ghalani, na njia pekee ambayo apt iliiona ya kuiingiza Steam ilikuwa kuondoa vifurushi vya mazingira ya kazi, yaani madirisha, menyu na kila anachokiona mtumiaji. Apt haikuficha. Iliandika orodha, ikaonya kwamba jambo hilo linaweza kuleta madhara, na badala ya Y ikamtaka aandike sentensi nzima: Yes, do as I say! Aliiandika. Akabaki na kioo cheusi.

Wapo waliomcheka, na wapo waliosema mfumo haukupaswa kumfikisha hapo. Sisi tunadhani wote wana hoja. Angalia lakini amri aliyotumia: alikuwa akisakinisha, hakuwa akiondoa. Orodha ya vitakavyoondolewa inaweza kujitokeza chini ya amri yoyote. Ukiiona na hukuitarajia, jibu ni n, kila mara. Hakuna kinachoharibika kwa kujibu n.

Kwa kompyuta inayoendesha matangazo tunafanya jambo moja la ziada. Programu ya kurusha sauti tunaifunga isibadilike kwa sudo apt-mark hold na jina lake, hadi toleo jipya lijaribiwe kwenye mashine ya pembeni. Kufungua ni unhold. Kufunga huku kuna gharama, kwani kifurushi kilichofungwa hakipati hata marekebisho ya usalama, kwa hiyo hakifai kuwa cha kudumu.

Vitu vya nje ya ghala

Si kila programu ipo ghalani. Nyingine utaambiwa uongeze ghala la mtu binafsi, au unakili mstari unaovuta hati kutoka mtandaoni na kuitekeleza papo hapo kwa sudo. Huo wa mwisho ni kumpa mgeni ufunguo wa nyumba kabla hujamwona uso. Pakua hati kwanza, isome au msomeshe anayeelewa, ndipo uamue. Na kifurushi cha .deb cha nje hutekeleza hati zake kwa mamlaka ya mkuu wa mashine, hivyo chanzo chake kina uzito kuliko sifa zake.

Ghala rasmi nalo si ngome isiyopenyeka. Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi wa Microsoft aitwaye Andres Freund alitangaza kwamba ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili iliyo karibu kila mahali kwenye Linux, kulifichwa mlango wa nyuma. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwenye seva kwa ssh kulichelewa kiasi cha nusu sekunde. Aliyepenyeza alikuwa amejijengea imani ndani ya mradi kwa miaka, hivyo muhuri ulikuwa halali. Matoleo hayo yalikuwa yameshafika kwenye matawi ya majaribio ya Debian, lakini hayakuingia kwenye toleo thabiti. Ndiyo sababu tunawashauri wanaotumia kompyuta kwa kazi wabaki kwenye toleo thabiti, hata kama programu zake ni za mwaka juzi.

Mifumo mingine kwa ufupi

Fedora hutumia dnf install na dnf remove. Arch hutumia pacman -S kuweka na pacman -R kuondoa. Alpine ina apk add na apk del. Mwenye simu ya Android asiye na kompyuta anaweza kujifunza kwa programu ya Termux, ambamo amri ni pkg install na pkg uninstall, bila sudo. Mantiki ya ghala na vitegemezi ni ileile kote.

Nani aliondoa nini

Kwenye ofisi yenye watumiaji wengi, swali hili huzua ugomvi bila sababu, kwa kuwa jibu limeandikwa. Fungua:

less /var/log/apt/history.log

Kila tukio lina tarehe na saa ya kuanza na kumaliza, amri yenyewe kama ilivyoandikwa, vifurushi vilivyoingia au kutoka pamoja na matoleo yake, na jina la mtumiaji aliyeomba kwa sudo. Ya miezi iliyopita yamebanwa kwenye folda hiyohiyo kwa majina yanayoishia na .gz, na yanasomeka kwa zless. Ukitaka kurudisha hali ya awali baada ya kuondoa kimakosa, anzia humo: nakili majina yaliyo kwenye mstari wa Remove, toa namba za matoleo na alama za prosesa, uyaweke yote mbele ya sudo apt install, na usome mkataba kabla ya kubonyeza Y.